Mstari Nilioufuta

Aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka miwili tuliyopendana, akaweka karatasi moja juu ya meza na kuigeuza ili maandishi yanielekee mimi.

"Mstari wangu wa kwanza uko wapi?" aliuliza.

Nilijua anauliza nini. Nilijua tangu nilipousikia mwendo wake koridoni. Lakini mimi nikishikwa na kosa huwa najifanya hamnazo kwanza, halafu ndiyo nafikiri.

"Mstari upi?"

"Usinifanyie hivyo."

Wanafunzi wetu wa udaktari walimwita Daktari Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala kumsikia akipaza sauti. Hata siku ile hakupaza sauti. Alisimama tu mbele ya meza yangu, mrefu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, na ile harufu ya sabuni ya maabara ambayo nilikuwa nimeizoea hadi nikiisikia mahali popote moyo unaruka. Nikavitazama vifungo badala ya kuutazama uso wake. Huo ulikuwa woga, na niliujua kuwa ni woga.

"Isome," alisema.

"Kitabu chote nimekisoma mara nne. Mimi ndiye mhariri."

"Basi soma mara ya tano. Kwa sauti."

Nikasoma. "'Daktari bingwa wa patholojia na mhadhiri mwandamizi. Ana uzoefu wa muda mrefu katika huduma za patholojia. Anatafiti sababu za vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi.'"

"Huduma za patholojia," alirudia polepole. "Nilikuwa naosha maiti, mpenzi. Miaka tisa. Unadhani kuna siku mtu aliniita akaniambia, kijana, njoo huku utoe huduma za patholojia?"

Ningecheka kama si macho yake.

Kila baada ya miaka mitano kitivo chetu cha udaktari huchapisha Kitabu cha Walimu. Kila daktari anayefundisha hupewa nusu ukurasa aeleze ametokea wapi kikazi, anafundisha nini na anatafiti nini. Wanafunzi hukisoma ili wajue nani awasimamie. Walimu hukisoma ili wajue nani amejisifu kupita kiasi. Mwaka ule uhariri uliniangukia mimi, mtu wa figo za watoto, na kwa wiki sita nikawa nalala na kuamka na maisha ya wenzangu. Bingwa wa ngozi alileta kurasa tatu na picha zake mbili. Bingwa wa mifupa alieleza utafiti wake wa magoti ya wacheza mpira, akachomeka na kikombe alichoshinda cha drafti. Daktari wa usingizi alileta mistari miwili tu: "Nawalaza watu na wengi huamka kwa wakati. Natafiti wale wanaochelewa." Wa kwangu ulikuwa mkavu, habari za watoto wanaovimba uso baada ya kuumwa koo, na kwa nini wengine hupona wenyewe na wengine huishia kwenye mashine.

Wa Taratibu ulianza hivi: "Nilianza kazi katika hospitali hii nikiwa na miaka kumi na tisa, mhudumu wa chumba cha maiti, na humo ndimo utafiti wangu ulimozaliwa."

Nilipousoma mara ya kwanza nilijisikia fahari, sitasema uongo. Dakika moja baadaye nikamkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa mkuu wa kitivo hiki kabla ya kustaafu, na kile kitabu alikianzisha yeye. Nyumbani hata mama humwita Profesa. Alipoondoka kazini alirudisha funguo zote isipokuwa ule wa mazoea: hakuna toleo lililokwenda kwa mchapaji kabla hajalipitia kwa kalamu nyekundu na kuliandikia utangulizi. Na Profesa huyo aliponiuliza miezi mitatu nyuma, kijana wako alianzia wapi, nilimjibu, "Maabara." Mama naye aliposikia neno patholojia alinyamaza siku nzima, kisha akaniuliza kama huko kazini kwetu hakuna madaktari wa watu walio hai. Jumamosi wazee wa Taratibu walikuwa waje nyumbani kuposa. Alhamisi baba alikuwa aje kukisoma kitabu. Nikaona njia rahisi ni kuufuta ule mstari, nikaufuta.

"Nilitaka tuivuke Jumamosi salama," nilimwambia. "Baada ya hapo ningeurudisha."

"Kitabu kinakwenda kuchapwa Ijumaa."

"Toleo lijalo, basi."

"Baada ya miaka mitano." Alitikisa kichwa. "Yaani niwe mume wako kwanza miaka mitano, halafu ndiyo niruhusiwe kuwa mimi."

"Wewe humjui baba yangu."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Alitaka kusema kitu, akakimeza. Kisha akavuta kiti cha wagonjwa na kukaa, magoti yake yakigusa meza.

"Unaijua kadi ya kidole?" aliuliza.

"Naijua." Ni kile kikaratasi kigumu wanachofungiwa marehemu kwenye kidole cha mguu: jina, umri, saa, na mwishoni sababu ya kifo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nazifunga. Nikikuta nafasi ya mwisho iko tupu, kazi yangu ilikuwa kumtafuta daktari nimuulize niandike nini. Na kwa akina mama waliokufa kwa uzazi, jibu lilikuwa lile lile. Andika haijulikani. Mwaka mzima, haijulikani. Nikanunua daftari la shule, nikawa naandika nilichokiona mimi, na walichonieleza ndugu waliokuja kuwachukua. Mia mbili na kumi na wanne. Jioni nikawa nasomea mitihani ya sekondari kwenye benchi la pale pale. Mimi sikusoma udaktari ili nikitoroke chumba cha maiti. Nilisoma ili niwajibie wale watu. Sasa ukiniondolea huo mstari, mwanafunzi atakayenisoma atadhani utafiti nilipewa kwenye semina."

"Ni mstari mmoja tu, Taratibu."

"Basi kama ni mmoja tu, urudishe."

Nje ya dirisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipita na makoti yao mapya, wakicheka.

"Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali hii," aliendelea. "Mashuka ya wodi zote yamepita mikononi mwake. Jumamosi atakuja kwenu na atajibu kila atakachoulizwa. Akiulizwa mwanao alianzia wapi, unataka aseme nini? Nimfundishe na yeye huduma za patholojia?"

"Huko ni kunionea."

"Nikuulize kitu kimoja, halafu nakuacha na kazi zako. Unanionea aibu?"

Swali lilikuwa dogo na jibu lake lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikamwona baba sebuleni, nikamwona mama, nikawaona shangazi zangu wote watatu wakitazamana, na nilipokuja kufumbua mdomo nilikuwa nimeshachelewa.

Taratibu aliinamisha kichwa, kama anavyoinamisha darasani, mwanafunzi akimpa jibu alilolitegemea.

"Nimekuelewa," alisema. "Jumamosi hatuji."

"Ngoja kwanza."

"Wewe rudisha au usirudishe, hicho ni kitabu chako. Mimi mwenyewe sijifuti." Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akatoka na kuufunga mlango bila kishindo. Ningependa angeubamiza.

Siku mbili zile sikumwona. Nilipita mbele ya maabara yake mara tano kwa visingizio ambavyo hata mtoto asingevikubali. Kupitia kioo cha mlango niliiona ile hadubini yetu yenye macho ya watu wawili, ile ya kufundishia, ambayo mwalimu na mwanafunzi hukaa wakielekeana na kutazama kitu kimoja. Hapo ndipo tulipoanzia. Nilimpelekea kipande cha figo ya mtoto ambaye ugonjwa wake ulinishinda, tukainama wote wawili juu ya hadubini, na kwa nusu saa sikuona uso wake, nilisikia sauti yake tu ikiniuliza, "Hapa unaona nini? Na hapa?" Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza naona nini, akangoja jibu hadi mwisho. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimeshapenda, na yeye alikuwa bado anaangalia figo.

Alhamisi saa tatu baba alifika. Katibu muhtasi wetu aliinuka kama kengele ya shule imelia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Kitabu chako kimenikondesha."

Alikaa kwenye meza yangu, si mbele yake bali kwenye kiti changu, akavaa miwani na kutoa kalamu nyekundu. Nikasimama. Alimcheka bingwa wa ngozi, akamkatia kurasa mbili na nusu. Kikombe cha drafti alikiacha, akasema mtu wa mifupa ana haki ya kufurahi. Alipofika kwa Taratibu alisoma mara moja, akarudia tena, kidole kikifuata kila neno. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kabati.

"Hapa umefanya vizuri," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Huduma za patholojia. Ni maneno yenye staha. Nilikuwa na wasiwasi ataleta habari za chumba cha maiti."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Baba, unajua?"

"Mwanangu, unadhani sikumtambua siku ile ulipomleta nyumbani? Kila mtu alitafuta kiti, yeye akasimama mgongo ukutani. Wahudumu wa kule husimama hivyo, wanapisha machela. Halafu nikaiangalia sura. Amenenepa kidogo, basi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu na yeye hakusema." Alivua miwani na kuanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. "Lile daftari bado analo?"

Baba alikuwa bingwa wa upasuaji wa akina mama. Miaka ile ya Taratibu kwenye chumba cha maiti ndiyo miaka aliyokuwa akipasua usiku na mchana, wakati mwingine peke yake kwa hospitali nzima. Nililijua hilo tangu utotoni, nililijua kwa kukosa kumwona nyumbani. Sikuwahi kuliweka karibu na jambo jingine lolote.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamwambia aandike haijulikani," nilisema.

"Sikuwa mimi peke yangu."

"Lakini na wewe."

"Alikuwa ananijia pale nje ya chumba cha upasuaji. Kijana mwembamba, daftari mkononi, na kile kikadi. Daktari, niandike nini? Kwa adabu kabisa. Mimi nimesimama toka alfajiri, kuna mwingine anatoka damu mezani. Ningemwambia nini? Kwamba sijui kama ni kidonda au ni mimi nilichelewa?" "Aliniuliza mara kumi na moja. Nilizihesabu. Sikumpenda kwa ajili hiyo, na mpaka leo simpendi."

Nikamwonea huruma baba yangu. Naisema wazi, kwa sababu kilichofuata kinaweza kumfanya mtu afikiri nilikuwa na moyo wa jiwe.

"Kwa hiyo ule mstari ulikuwepo," alisema, akinitazama.

"Ulikuwepo. Niliufuta mimi."

"Basi usirudi. Watu wakijua alikuwa pale miaka ile, watauliza nani alikuwa anapasua miaka ile. Hujafika mbali kwenye kazi hii, hujui maneno ya watu. Mstari usirudi."

Maneno yale yalikuwa yangu. Yote. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu kubwa na mimi nilikuwa na sababu ndogo, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

"Umewahi kuusoma utafiti wake, baba?"

"Sina haja."

"Utafiti huo una miaka mitatu tangu uchapishwe. Hauna jina la daktari hata mmoja. Una saa za zamu. Unaonyesha kwamba wengi wa wale akina mama walikufa kwenye zamu zenye daktari mmoja, na daktari mwenyewe hajalala. Mpaka leo wodi ya uzazi ina madaktari wawili kila zamu kwa sababu ya karatasi ile. Wewe uliomba daktari wa pili miaka kumi na nane ukanyimwa. Yeye ndiye aliyekuletea. Amechelewa tu kidogo, ulikuwa umeshastaafu."

Kalamu nyekundu ya baba ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na chini yake doa likawa linakua. Kwa dakika moja nilidhani atasema jambo jingine, na nilimpenda sana katika dakika ile. Lakini mtu aliyeitwa Profesa na kila mtu kwa miaka thelathini hageuki kirahisi.

"Jina langu halitakaa kwenye kitabu chenye mstari huo," alisema. "Ukiurudisha, siandiki utangulizi. Na Jumamosi usimlete mtu nyumbani kwangu."

"Basi utangulizi nitauandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye mhariri."

Alisimama. "Unanivunjia heshima, mwanangu. Mimi, baba yako, kwa ajili ya mwosha maiti."

"Ndiyo, baba. Kwa ajili ya mwosha maiti. Litamke tena ukitaka. Juzi lingenichoma, leo halinichomi." Nikauachia ukingo wa kabati. "Juzi aliniuliza kama namwonea aibu, nikanyamaza. Nilikuwa nakuogopa wewe. Sasa nakujibu wewe mwenyewe: simwonei aibu. Ninamtaka na daftari lake, na mama yake dobi, na miaka yake tisa. Wewe ukimkataa, utakuwa umemkataa wewe. Mimi nisihesabiwe humo."

"Na mama yako?"

"Mama atasema yake."

Alichukua kofia yake. Mlangoni alisimama kidogo, akiwa amenipa mgongo, na nikaona jinsi mabega yale yalivyopungua ndani ya koti. Nilitamani kumkimbilia. Sikumkimbilia. Katibu muhtasi alikuwa akiandika kwa kasi kwenye kompyuta ambayo, nilipotazama vizuri, ilikuwa imezimwa.

Nilikaa kwenye kiti changu kikiwa bado na joto lake. Nikaufungua ukurasa, nikafuta huduma za patholojia, nikarudisha mstari neno kwa neno kama alivyouandika. Kisha nikaandika utangulizi. Ulikuwa mfupi. Niliwashukuru walimu, nikaeleza kitabu ni cha nini, na mwisho nikaandika: "Katika matayarisho ya toleo hili, mhariri alifuta mstari wa mwalimu mmoja kwa aibu ambayo haikuwa ya mwalimu huyo. Mstari umerudishwa, na mhariri anamwomba radhi." Nikatia jina langu chini.

Katibu muhtasi alisoma, akasoma tena, akaniangalia juu ya miwani.

"Daktari, hii nitume kwa mchapaji hivi hivi?"

"Tuma."

"Profesa ataniua."

"Mwambie nilikutishia kwa kisu cha upasuaji."

"Wewe ni mtu wa figo za watoto," alisema, akibonyeza. "Hata kisu cha mkate huwa unaazima kwangu."

Saa tisa mchana nikaenda maabara. Safari hii sikupita, niliingia. Taratibu alikuwa ameinama kwenye hadubini, akiandika kwa mkono mmoja bila kuangalia karatasi. Nikakaa upande wa pili, kwenye kigoda cha wanafunzi, nikaweka macho yangu kwenye yale macho mengine. Tukawa tunatazama kitu kimoja.

"Unaona nini?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Ini. Limechoka."

"Sawa kabisa."

"Nimeurudisha."

Kipande cha ini kilisogea kidogo, kwa hiyo nilijua mkono wake umetikisika. Akainua kichwa. Uso wake ulikuwa umefanya mifuko chini ya macho, na mimi nilikuwa mwovu kiasi cha kufurahi kwamba hajalala. Nikampa karatasi zote mbili. Ukurasa wake aliupitia haraka. Utangulizi aliusoma polepole, akarudi juu, akausoma tena.

"Hii itasomwa na kitivo kizima," alisema.

"Ndiyo."

"Na Profesa?"

"Profesa alikuwa kwangu asubuhi. Ameniambia mwenyewe. Mara kumi na moja." Nikamwangalia moja kwa moja. "Miaka miwili, Taratibu. Kwa nini hukuniambia kuhusu baba?"

Alikunja karatasi, akaikunjua. "Ningekuambia ungemkasirikia yeye, halafu ungekuja kwangu na hizo hasira ukidhani ni mapenzi. Mimi nilitaka uje kwa ajili yangu. Halafu yule ni baba yako. Kila alichoniambia niandike, niliandika. Pembeni ya daftari nikaandika na saa alizokuwa amesimama. Hilo la pili hakunituma mtu."

Nikaichukua ile karatasi, nikainyoosha juu ya meza.

"Na leo umekuja kwa nini?" aliuliza. "Kwa hasira?"

"Hasira ninazo, nisikudanganye. Lakini nilipoufuta ule mstari nilibaki na mtu mwingine pale ukurasani. Yule wa huduma za patholojia. Simjui mimi. Sijawahi kumtamani hata siku moja."

Midomo yake ilitaka kucheka, akaizuia. "Sijasema nimekusamehe."

"Sijasema umesema."

"Uliponinyamazia vile, nilijiona niko pale ukutani tena, napisha machela."

"Najua. Hiyo sitaiomba radhi kwa siku moja, itanichukua muda, na nitaomba taratibu kama unavyopenda." Nikapiga moyo konde. "Baba amesema Jumamosi hapokei mtu. Kwa hiyo waje kwangu. Nina viti vinne na meza ndogo."

"Posa haipelekwi kwa msichana mwenyewe."

"Anayeposwa ni mimi. Kama hakuna wa kuwapokea, nitawapokea mimi, nitawauliza mimi, na nitajibu mimi."

Alinitazama tu. Ule mtazamo ningeweza kuuchora hata leo: umechoka, umeumia, na ndani yake kuna kitu kinachonitaka na kinakataa kusema. Nilingoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kungoja jibu hadi mwisho.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa mama. Sehemu ya kusikilizia ilishakufa siku nyingi, natumia spika tu, kwa hiyo kila anayenipigia husikiwa na chumba kizima.

"Baba yako amerudi, hajala, amejifungia kwenye vitabu vyake," mama alisema bila salamu. "Nimemgongea mpaka akafungua. Ameniambia kila kitu."

"Kila kitu, mama?"

"Kila kitu. Hata wale wanawake kumi na mmoja. Miaka thelathini na minane nalala na mtu huyu, namwona anashtuka usingizini, nauliza ni nini, ananiambia ni tumbo. Leo ndiyo nasikia." Alipumua. "Sasa sikiliza. Amesema Jumamosi hapokei mtu. Hayo amesema yeye. Mimi sijaulizwa na sijasema. Hao watu wanakuja wapi, na saa ngapi?"

Sikuwa na saa ya kumtajia. Nilimtazama Taratibu, na safari hii sikuvitazama vifungo.

Aliinama kuelekea kwenye simu.

"Saa nne, mama," alisema. "Kwake."

"Na wewe ndiye nani?" mama aliuliza.

"Mimi ndiye yule mhudumu wa chumba cha maiti."

Nilisikia kiti kikivutwa, nikamsikia mama akikaa. Sisi wawili tukabaki tumeiinamia ile simu, paji la uso wake karibu na langu, hakuna aliyesogea.

"Wale wanawake," mama alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Ni wewe uliyewaosha?"

"Ni mimi, mama. Wote."

"Saa nne nitakuwa hapo, mwanangu," alisema, akakata.